Mwana wa Hamali

Msomaji wangu, kitenzi kukimbia kimenisumbua kwa miezi minane sasa. Kina maana mbili ambazo hazipatani. Anayekimbia uwanjani anakifuata kitu. Anayekimbia vita anakiacha kitu. Kutokana na mzizi huo mmoja tumepata mkimbiaji, ambaye tunampigia makofi, na mkimbizi, ambaye tunamhurumia, na kimbilio, mahali ambapo huyo wa pili hupata kupumua. Kwa kawaida muktadha hutuondolea utata. Lakini nilipomwambia baba kwamba nimeanza kukimbia, aliweka kikombe cha chai chini, akanitazama, akauliza: "Unamkimbia nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nimejiandikisha kwa mbio ndefu za milimani, za kwanza maishani mwangu. Ni mbio ndogo zilizoandaliwa na marafiki: kuanzia Lushoto mjini, kupanda hadi msitu wa Magamba, kisha kushuka na kupanda tena kwa njia za miguu kupitia Rangwi, hadi Mtae, kilomita 60 na ushei. Hakuna medali wala fedha. Katika fani hii, kila kinachozidi kilomita 42 na mita 195 za marathoni huhesabiwa kuwa masafa marefu kupita ya kawaida, na walimwengu wamezoea makubwa kuliko haya. Afrika Kusini, tangu mwaka 1921, watu hukimbia takriban kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg. Na kule Ufaransa, Italia na Uswisi zinapokutana, wakimbiaji huuzunguka mlima Mont Blanc kwa kilomita zipatazo 170, usiku na mchana. Zangu ni mbio za mwanafunzi. Hata hivyo mimi ni mtu wa pwani, kazi yangu ni kusahihisha miswada nikiwa nimeketi, na mlima mrefu kuliko yote niliyokuwa nimeupanda kwa miguu yangu ni ngazi za ofisini umeme unapokatika. Lushoto peke yake iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari.

Baba aliposikia habari za Mtae alinipa methali: "Mbio za sakafuni huishia ukingoni." Sikuwa na jibu. Siku chache baadaye nilitazama ramani na picha, nikaona kwamba Mtae imekaa ukingoni hasa: mlima unakatika ghafla, na chini yake imetandazwa tambarare ya Mkomazi. Nikampigia simu kumweleza. "Basi," akasema, "methali haijakosea."

Baba yangu alikuwa hamali. Alifika Dar es Salaam kutoka Rufiji mwanzoni mwa miaka ya sabini, akaanzia Feri, akiingia majini hadi kifuani kupokea matenga ya samaki kutoka kwenye mashua na kuyafikisha nchi kavu. Kisha akahamia Kariakoo, wakati jengo la soko lililobuniwa na msanifu Beda Amuli likiwa bado linajengwa. Huko alibeba magunia kichwani na mabegani, baadaye akavuta mkokoteni, mpaka magoti yalipokataa. Sare zangu za shule, madaftari yangu na kamusi yangu ya kwanza vilitoka kwenye mkokoteni ule.

Kuna siku moja ambayo sijawahi kuisimulia. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Nilikuwa natoka shule na wenzangu watatu, tukipita Mtaa wa Msimbazi, nikamwona anakuja. Mkokoteni umejaa vitunguu, kifua wazi, mishipa ya shingo imemsimama. Aliniona, akaniita kwa jina langu la nyumbani. Mwenzangu mmoja akauliza, "Yule kuli anakujua?" Sikumjibu. Nilikimbia. Niliingia uchochoro wa kwanza niliouona, nikatokea mtaa mwingine, nikaendelea hadi Mnazi Mmoja, nikasimama nyuma ya mti nikihema. Jioni baba alirudi, akaoga, akala, akaniuliza kuhusu hesabu. Hakutamka neno juu ya jambo lile, siku ile wala katika miaka zaidi ya thelathini iliyofuata.

Kwa hiyo aliponiuliza namkimbia nani, jibu nilikuwa nalo. Nilikosa ulimi wa kulitoa.

Mazoezi yangu huanzia Feri saa kumi na nusu alfajiri, kwa kuwa jua la mji huu halina huruma likishapanda. Saa hiyo soko la samaki limekwisha kuamka. Mashua zinarudi, barafu inapondwa, madalali wanapasha sauti zao kwa ajili ya mnada, na wakaangaji wanachochea kuni chini ya makarai. Wabeba matenga hupita mbio mbio, maji ya samaki yakiwachirizika shingoni, wakipaza sauti watu wawapishe. Mimi nasimama kando yao na viatu vya bei kubwa, nikinyoosha misuli. Juma la kwanza kijana mmoja alinitazama toka juu hadi chini, akasema, "Mzee, kama nguvu zimezidi njoo utusaidie tenga." Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini maneno yake nilikwenda nayo hadi Coco Beach.

Siku za kazi hufuata Barabara ya Barack Obama kandokando ya bahari, nikapita Hospitali ya Ocean Road, nikavuka Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022, nikageuka na kurudi. Jumamosi hupanda kivuko hadi Kigamboni, nikashika njia ya Mjimwema, kisha mchanga wa Gezaulole. Jina hilo ni la Kizaramo, na maana yake ni jaribu uone. Sijapata kuona kibao cha njiani kinachomsema mkimbiaji kwa ukweli zaidi. Mara moja kwa mwezi huenda Pugu, kwa sababu Dar es Salaam ni tambarare, na anayetaka kilima cha maana hana budi kukifuata.

Njiani huhesabu mizani. Ni mazoea ya mtu aliyelelewa na mashairi: hatua nane za ukwapi, hatua nane za utao, mshororo umekamilika, mishororo minne, ubeti. Hesabu hiyo hunisaidia kuliko saa ya mkononi, kwani saa huniambia nilivyochelewa, ilhali ubeti huniambia tu kwamba kuna mwingine unaofuata. Kucha za vidole gumba vya miguu ziligeuka nyeusi, zikang'oka. Nilijifunza kupaka mafuta mahali ambapo ngozi husuguana, kula tende na viazi vitamu huku natembea, na kunywa maji yenye chumvi na sukari kabla kiu haijafika. Mwezi wa nne nilianza kujiona mtu.

Mwezi wa tano nikaanguka. Ilikuwa Pugu, baada ya mvua ya usiku. Nilikuwa nimekusudia kilomita 35 ndani ya msitu. Udongo ulikuwa unateleza, nami nilikwenda kwa pupa tangu mwanzo, nikizipanda mbio hata sehemu zilizosimama kama ukuta. Saa ya nne ilipotimia niliona gogo, nikaketi dakika mbili tu. Dakika mbili zikawa kumi. Nilipotaka kuinuka, misuli ya miguu ilikuwa imekaza kama kamba iliyolowa maji ya chumvi. Nikainuka nusu, nikarudi chini. Nilianza kutetemeka juani. Mwishowe mchoma mkaa mmoja, mtu mzima kuliko mimi, alinishika mkono akanikokota hadi barabarani, nikapanda bodaboda hadi Gongo la Mboto. Nikiwa nyuma ya kijana yule wa bodaboda nilifanya uamuzi wa kujitoa. Nilitunga hata maneno ya kuwaambia marafiki: kazi nyingi, afya, umri.

Kesho yake, Jumapili, nilivuka kwenda kwa baba, ambaye sasa anaishi Kigamboni. Nilimwamkia, nikaketi kwa shida. Akaona.

"Uliketi?" aliuliza nilipomaliza kusimulia.

"Niliketi, baba."

"Mwenye mzigo haketi."

Kisha akasema mengi kuliko aliyopata kuniambia juu ya kazi yake maisha yangu yote. Hamali akichoka, alisema, hutafuta ukuta, au kibaraza kilicho sawa na kiuno chake. Huegemeza mzigo hapo, akapumzika wima. Akiuweka chini, itambidi ainame ili autwae tena, na gunia la kilo 100 hulitwai peke yako kutoka chini. Ni lazima awepo wa kukutwika. "Na siku ambayo hayupo wa kukutwika?" akauliza. "Ndiyo siku mtu huonekana ameketi na gunia lake mpaka magharibi."

Akaniamuru nikimbie uani. Nilizunguka mkungu mara tatu na misuli yangu inayouma. "Unarusha miguu," akasema. "Hatua ndefu ni za mtu asiyebeba kitu. Fupisha. Tazama hatua tatu mbele, usitazame mwisho wa njia, utakuvunja moyo. Penye mwinuko tembea. Hakuna hamali anayekimbilia mlima. Na ukiona huwezi kuimba, jua umezidisha mwendo." Nilikuwa nimesoma maandishi ya makocha wa mbio hizi kwa miezi mitano. Wanasema hayo hayo: hatua fupi, tembea penye mwinuko mkali, na kama huwezi kuzungumza huku unakimbia basi umepita kiasi. Nilikuwa nimeyasoma yote bila kuyasikia.

Usiku ule nilifungua kamusi, kama ambavyo hufanya kila ninapokosa usingizi. Nililitazama neno hamali. Limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wa konsonanti tatu, h, m na l, ambao maana yake ni kubeba. Nikafuata ndugu zake. Himili. Himila. Mhimili, nguzo inayobeba paa. Na mwisho, kustahimili, neno ambalo nilikuwa nimeliandika kwa wino mwekundu kwenye karatasi juu ya meza yangu kama wito wa mazoezi yangu, bila kujua kwamba ni la ukoo mmoja na kazi niliyoikimbia Mtaa wa Msimbazi. Kustahimili ni uhamali. Lugha ilikuwa inaniambia jambo hili kila nilipoitumia, nami, msahihishaji wa miswada ya wenzangu, sikuwa na habari.

Jumamosi iliyofuata sikupanda kivuko. Kutoka Feri niliingia mjini hadi kwenye sanamu ya Askari. Imesimama pale tangu mwaka 1927, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamemweka Wissmann wao. Nimepita hapo mara zisizo na idadi. Siku hiyo nilisimama nikasoma maandishi yaliyochongwa ubaoni, ya Kiswahili na Kiingereza. Hayawataji askari peke yao. Yanawakumbuka pia wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na kuwaita miguu na mikono ya jeshi. Wenye bunduki walipewa sanamu. Waliowabebea chakula, risasi na majeruhi kwa mamia ya maili, nao wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na uchovu, walipewa mstari katika maandishi.

Walipewa na kingine, ingawa hakuna aliyekusudia kuwapa. Kutoka kwenye sanamu niliendelea hadi Kariakoo. Kikosi cha wapagazi wa Waingereza kiliitwa Carrier Corps, na kambi yake ilikuwa pale soko lilipo leo. Wenyeji walilichukua jina hilo, wakalilainisha kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Nairobi nako iko Kariokor, kwa sababu hiyo hiyo. Maelfu kwa maelfu hulitaja jina hilo kila siku wakitafuta vitenge na vipuri vya simu. Hawajui kwamba wanawaita wapagazi.

Nilipita Msimbazi taratibu, kwa hatua fupi. Uchochoro wangu bado upo. Umejaa vibanda vya viatu. Palepale nilimkumbuka John Stephen Akhwari, ambaye habari zake tulifundishwa tukiwa watoto. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968, alianguka akaumia goti, akaendelea, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, mguu umefungwa bandeji, wa mwisho kati ya waliomaliza. Tulifundishwa kwamba ule ulikuwa uzalendo. Sikatai. Lakini kule Msimbazi niliona pia kwamba mtu yule, katika kilomita zile za mwisho, alikuwa ameacha kukimbia kwa maana zote mbili za kitenzi kile. Alikuwa amebeba kitu, na hakuona mahali pa kukitua kabla ya kukifikisha.

Kutua. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba hata sisi watu wa mashairi tumeyarithi maneno ya hamali. Mahali ambapo mkimbiaji atapewa maji milimani huitwa kituo, kwa kuwa ndipo msafiri hutua mzigo. Mshororo wa mwisho wa ubeti huitwa kituo pia. Na ule unaorudiwa kila ubeti ni kibwagizo, ambamo twasikia kubwaga. Mtunzi, basi, huubeba ubeti mishororo mitatu, na katika wa nne huushusha. Walioyatunga majina haya walijua mabega yanavyohisi mzigo unapoondoka. Tangu siku hiyo sihesabu kilomita 60. Nahesabu vituo vitano.

Sikujitoa. Miezi mitatu iliyobaki nilikwenda kama nilivyofundishwa. Nilirudi Pugu nikazimaliza zile 35, nikitembea kila mwinuko na kupumzika wima, mgongo kwenye mti. Mwezi uliopita nilifikisha 48, kutoka kivukoni hadi mbele ya Gezaulole na kurudi, mara ya pili nikiimba kwa sauti mbaya. Wabeba matenga wa Feri wamenizoea. Yule kijana huniita Hamali, kwa utani, kwa sababu ya mfuko wa maji ninaoufunga mgongoni. Hajui kwamba hajakosea.

Keshokutwa napanda basi kwenda Lushoto. Jana nilivuka kumuaga baba. Alitaka kuona nitakavyovaa, nikavaa kila kitu uani: viatu, kofia, mfuko mgongoni wenye maji, tende, tochi na koti la mvua. Akainuka kwenye kiti kwa kushika ukuta, akanijia, akautikisa mfuko.

"Umeufunga chini mno," akasema. "Mzigo ukining'inia utakupiga kiuno njia nzima." Akaanza kuzivuta kanda, moja baada ya nyingine, vidole vyake vinene vikitafuta vifungo vidogo vya plastiki. Mfuko ukapanda, ukakaa kati ya mabega, ukawa mwepesi. Alikuwa nyuma yangu, sikuuona uso wake.

"Siku ile Msimbazi," akasema, "ulikimbia vibaya. Hatua ndefu mno. Nilijua hufiki mbali."

Nilitaka kugeuka, mikono yake ilikuwa bado mabegani mwangu. Nikamwomba radhi hapo hapo, nikiwa nimempa mgongo, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua. Nilikuwa nimeyaandaa maneno mengi kwa zaidi ya miaka thelathini, na yote yaliyotoka yalikuwa mawili: "Nisamehe, baba."

Alikaza ukanda wa mwisho. "Tua, mwanangu," akasema. "Huo umeubeba sana."

Kisha akarudi kwenye kiti chake, akaniuliza kama kule milimani kuna baridi.

Usiku nilijaribu kuandika shairi refu, sikuweza. Ukaja ubeti mmoja tu, nami nauacha hapa kabla ya safari. Kama sitafika Mtae, utabaki kuwa kweli vilevile.

Ulibeba mabegani, mizigo ya kila hali,
Nami niko milimani, nimebeba wangu mwili,
Sikimbii maishani, wala sikwepi ukweli,
Baba nipo safarini, mimi mwana wa hamali.